Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandaa Kiwanja cha Kupokea Kontena Kibaha

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kugusa kiwanja chenyewe, nilitembea kwa miguu njia yote ambayo lori la winchi lenye kontena la stoo lingepita kuanzia lami inapoishia. Kontena la futi 20 lina kimo cha mita 2.59, na likishapakiwa kwenye lori hufika karibu mita 4 kutoka ardhini. Kikwazo kilikuwa tawi la mwembe wa jirani, ambaye aliridhia likatwe ilimradi kuni zibaki kwake. Waya za umeme ni habari nyingine, kwani mkono wa winchi hupanda juu kuliko mzigo wenyewe. Ndiyo maana tulichagua kulishushia kontena upande usiopitiwa na waya wowote.

Saa 2:00. Geti lina upana wa mita 3 na kontena lina mita 2.44. Wengi huishia hapo kupiga hesabu, wakisahau vioo vya lori na kona ambayo dereva anaikata akitokea mtaa mwembamba. Tuling'oa mbawa zote mbili za geti tukaziegemeza ukutani.

Saa 3:00. Hapa ndipo penye kazi hasa. Uzito wote wa kontena hubebwa na vyuma vinne vya kona, ambavyo kwa chini huchomoza zaidi kidogo ya sentimita 1 kuliko mihimili ya sakafu. Kwa maoni yangu, anayemwaga zege eneo zima kwa ajili ya stoo ya kawaida anapoteza saruji bure. Vitako vinne imara vya zege, kimoja chini ya kila kona, vinatosha, na hewa inayopita chini hupunguza kutu na kuinusuru sakafu ya plaiwudi isioze. Vitako vyetu vilimwagwa wiki 2 kabla na kumwagiliwa maji ili zege lisipasuke. Nilivipima upya kutoka kati hadi kati: mita 5.85 kwa urefu, 2.26 kwa upana, na mshazari wa mita 6.27 kila upande, kwa kuwa mishazari ikitofautiana, mstatili umepinda hata kama pande zote ni sahihi. Usawa niliupima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, maana pima maji fupi haiaminiki kwenye umbali wa mita 6. Kitako kimoja kilikuwa chini kwa milimita 4, nikaandaa vipande vya bamba la chuma vya kukiinulia.

Saa 4:30. Nilimpigia simu dereva kabla hajapakia, nikamweleza milango ielekee barabarani. Kuligeuza kontena hewani ndani ya kiwanja chenye ukuta ni kazi ya hatari isiyo ya lazima.

Saa 5:30. Vijana walimalizia kushindilia moramu mahali pa kuegesha lori. Kontena tupu lina uzito wa tani 2 na ushee, lakini linaponyanyuliwa, uzito wake pamoja na sehemu kubwa ya uzito wa lori huelemea miguu ya winchi, kwa hiyo tulitandika mbao nene mahali ambapo miguu hiyo ingekanyaga.

Saa 8:00 mchana. Lori liliingia kinyumenyume. Kamba mbili zilifungwa kwenye kona ili kuliongoza kontena lisizunguke, na hakuna aliyeruhusiwa kupita chini yake, hata mama mwenye kiwanja aliyetaka kupiga picha. Lilitua mara moja.

"Fundi, si limekaa sawa?" aliuliza mama.

"Tuiulize milango kwanza, mama."

Mlango wa kushoto ulifunguka vizuri. Wa kulia ulisuguana na mwenzake, na nondo ya kufungia ikagoma kuingia kwenye ndoano yake, dalili kwamba kona ya upande huo ilikuwa imelala na fremu kujikunja. Dereva alinyanyua kona hiyo kidogo, nikasukumia bamba moja chini yake kwa kipande cha mbao, bila kuingiza mkono. Jaribio la pili lilihitaji bamba jingine jembamba, kisha nondo zikafunga kwa mkono mmoja.

Saa 10:00 jioni. Tulirudisha geti, tukachimba mfereji upande wa juu wa mteremko ili maji ya masika yasichimbe udongo unaozunguka vitako. Nilimwomba mama apange mifuko ya saruji kuanzia pande zote mbili kwa uwiano, na aijaribu milango tena mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha. Ikianza kuwa mizito, anipigie kabla ya kuilazimisha kwa nyundo.