Kirtan kwa Nje, Tamasha kwa Ndani

Juni ya mwaka wangu wa kwanza mjini Pune, India, pepo zilezile za kusi tunazozijua pwani kwetu zilipofika jimbo la Maharashtra na mvua zake, ukuta wa chumba changu ulianza kuvimba. Dalali aliyenitafutia chumba hicho alikuwa amekipaka rangi nyeupe siku chache kabla sijahamia, nami nikausifu weupe ule na kutoa amana ya miezi mitatu bila kugonga ukuta hata kwa kidole. Mvua ya wiki moja ilitosha. Rangi ilifanya malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na nilipolibonyeza moja likatoa maji ya rangi ya kutu, kisha chini yake ukaonekana ukungu mweusi ambao haukuwa wa jana wala juzi.

Dalali mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye staha. Shingoni alivaa shanga za mti wa tulsi, kama wavaavyo Wavarkari, yaani mahujaji waendao Pandharpur kwa miguu kila mwaka. Kwenye paji la uso alijipaka alama ya msandali. Na kila salamu yake ilikuwa "Ram Krishna Hari". Nilipompigia simu kumweleza habari ya ukuta, aliniamkia kwa maneno hayohayo ya utakatifu, simu ikakatika, na tangu hapo hakupokea tena.

Aliyekuja kunipa pole ni jirani wa mlango wa pili, ajuza ambaye mtaa mzima humwita Aji, maana yake bibi. Mimi aliniita "bala", neno ambalo Wamarathi humwitia mtoto kwa mapenzi, ingawa kwa wiki kadhaa za mwanzo nilisononeka nikidhani ananiita balaa. Aji aliupapasa ukuta, akanusa ncha ya kidole chake, akauliza ni nani aliyenipangishia, na nilipomtajia zile shanga na ile salamu akatikisa kichwa na kusema: "Varun kirtan, aatun tamasha."

Nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa katika maneno manne nilikuwa nimeshika matatu. Varun ni kwa juu, aatun ni kwa ndani, na tamasha nimelijua tangu utotoni. Nikamjibu kwa Kimarathi changu cha kuungaunga kwamba kumbe dalali ana ibada kwa nje na sherehe moyoni, basi huenda si mtu mbaya. Aji alicheka hadi akakalia ndoo yangu ya kufulia.

Ilimbidi anifafanulie polepole. Kirtan ni ibada ya kusimulia na kuimba: msimulizi husimama mbele ya watu hekaluni, nyuma yake matoazi, ngoma na kinanda, naye huchukua ubeti wa mtakatifu kama Tukaram wa karne ya 17 na kuufumbua kwa visa na mafundisho. Tamasha ni kitu kingine kabisa. Ni mchezo wa jukwaani wa Maharashtra, wenye ngoma ya dholki, mzaha wa kikware, na wanawake waliojifunga sari ya yadi tisa na njuga miguuni wakiimba lavani, nyimbo za mapenzi zisizoona haya. Methali inamsema mtu ambaye ukimtazama kwa juu ni mcha Mungu, lakini ukimchungulia ndani unakuta yale anayoyakemea.

Neno lilikuwa limenilaghai kama ule ukuta. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa kutembea, Waajemi wakaligeuza kuwa jambo la kutazamwa, kisha likasafiri. Kwetu limetua kwa heshima, ndiyo maana tunasema Tamasha la Sauti za Busara bila mtu kukunja uso. Kwao limetua jukwaani, na jukwaa hilo watu wa heshima hulitazama kwa jicho la pembeni. Sikushangaa sana, maana ni nchi hiyohiyo ambayo "dada" ni kaka.

Nilipoitafutia methali ile mwenzake kwa Kiswahili nilipata "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", na kadiri nilivyoziweka pamoja ndivyo methali ya Aji ilivyonikera. Mkakasi ni chombo tu, hauna wa kumtetea wala hauna haja ya kutetewa. Tamasha lina watu. Kwa vizazi vingi wasanii wake wengi wametoka katika jamii zilizobaguliwa na mfumo wa matabaka, kama Wamahar, Wamang na Wakolhati, na methali inawachukua hao kuwa kipimo cha uovu uliofichwa, ilhali katika yote niwezayo kulishutumu tamasha, kujificha hakumo. Hupiga ngoma usiku kucha. Na wanavijiji huliita wenyewe: kila mwaka wajumbe wao huenda Narayangaon, mji mdogo kaskazini mwa Pune, ambako vikundi hufungua mahema yao ya kupokea wateja, wakakubaliane malipo ya tamasha litakalochezwa kwenye jatra, yaani sikukuu ya mungu wa kijiji.

Mji huo ndio uliompa jina Vithabai Narayangaonkar, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki mwaka 2002. Husimuliwa kwamba alipanda jukwaani akiwa na mimba iliyotimia, uchungu ukamshika katikati ya mchezo, akaenda nyuma ya pazia, akajifungua, akakata kitovu kwa jiwe na kurudi kuwachezea waliolipa. Ram Joshi wa Solapur naye, Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la juu la makuhani, wa karne ya 18, alitunga lavani na kucheza tamasha mchana kweupe, na baadaye ndipo akageukia kirtan. Sijui methali ingemweka huyo upande gani.

Nilimpelekea Aji hoja zangu hizi baada ya mvua kwisha, wakati ukuta nilikuwa nimeshaukwangua mwenyewe hadi kwenye saruji. Alisikiliza huku akichambua majani ya uwatu, akasema "barobar", ambayo kwa bahati ni barabara yetu hiihii, isiyomlaghai mtu. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba marehemu baba yake hakukosa kirtan hata Ekadashi moja, ile siku ya kumi na moja ya nusu mwezi ambayo Wahindu hufunga, na kwamba kila asubuhi, akinyoa ndevu uani na kudhani wanawe wamelala, aliimba lavani. Aji anaikumbuka mpaka leo. Aliangalia mlangoni kama mjukuu wake yupo karibu, akaweka majani chini, akaniimbia mistari miwili.