Fundi wa viraka na blanketi la dukani

Jirani yangu, aliyezoea kuniona nikishona mablanketi ya viraka vya vitenge, alishangaa nilipotoka soko la Kadutu na blanketi la kiwandani. “Mama, mikono imechoka?” Haikuchoka. Mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mvua huwa na baridi, na watoto hawawezi kungoja miezi 3 nimalize kuunganisha vipande 200. Kwa hiyo sioni aibu yoyote kwa fundi kununua. Hata hivyo, kabla ya kulipa nililigeuza upande wa ndani, nikakuta mishono mirefu iliyokwisha kuachia pembeni. Nimeirudia kwa mkono, nyuzi mbili mbili, na sasa watoto wanajifunika nalo.