Siku moja maishani mwangu: nyumba ya mawe, Kiponda

Saa 12 na nusu asubuhi. Naingia Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa miguu, kwenye nyumba ya zamani tunayoikarabati, gari haipiti, hata mchanga wetu unakuja kwa mkokoteni. Usiku mvua imepiga kwelikweli kwahiyo kabla ya yote napanda paani kuangalia mifereji, na kweli mmoja umeziba majani maji yamekaa. Kwa nyumba za Mji Mkongwe hili ndo la kuogopa, ukuta ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukilowa kutoka juu muda mrefu unalegea ndani kwa ndani huku nje unauona mzima.

Saa 2. Tunabandua lipu ya saruji ukuta wa chini, alipiga fundi mmoja miaka ya nyuma. Ukuta huu unavuta maji ya ardhini, lipu ya chokaa ingeyaachia yatoke na upepo, saruji inayafungia, basi yanapanda na chumvi yake mpaka yapate pa kutokea, na chumvi ikikauka inasukuma jiwe linamenyeka ungaunga. Nimeweka mkono nyuma ya kipande kilichotoka, kubichi kama kisimani.

Bibi anayekaa humo akatoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Saruji si ndo imara, mbona mnanibomolea?"

Nikampeleka chumba cha pili tulichopiga chokaa miezi mitatu iliyopita, akapitisha kiganja ukutani, akapitisha tena, akasema "pakavu hapa." Akataka sasa tumwekee kiyoyozi. Nikamuomba kwanza tufungue madirisha ya uwani yaliyozibwa mbao, maana kuta nene na uwa wa katikati ndo vilivyokuwa vinapooza nyumba hii kabla umeme haujafika. Akakubali tujaribu mpaka kaskazi ije na joto lake.

Saa 5. Dari. Boriti za mkoko, ndo maana vyumba vya huku ni vyembamba na virefu, upana wa chumba unafuata urefu wa mti. Nagonga moja moja kwa nyundo nasikiliza, nzima inalia, iliyooza inajibu bwabwa. Kati ya 11, 4 zimeoza ncha zilizoingia ukutani, katikati mti ni mgumu kama chuma. Fundi kijana anataka azitoe zote, nimekataa, tunakata ncha tunaunga, mkoko hauoti kwa siku moja na fukwe zetu zinauhitaji palepale ulipo.

Saa 7 swala, wali na maharage.

Saa 8 nashughulikia karatasi za kibali cha tenki la maji ya mvua. Nimelichora chini uwani, mwenye nyumba alilitaka juu, lakini lita 1,000 ni tani nzima na dari hii siwezi kuibebesha.

Saa 11 jioni tunalowesha magunia juu ya chokaa mpya isikauke haraka ikapasuka, halafu natoka kwa njia ya Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani lililo hapo, ilijengwa 1883, upande wake ukaanguka tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiendelea, wafanyakazi wawili wakafa. Kila nikipita hapa nawaza vijana wangu walio chini ya dari.

Saa 2 usiku mawingu tena. Nimempigia fundi anayekaa karibu, amepanda juu na tochi, mifereji yote inatoa.