Daftari la Jumatano jioni: Laser, bamvua na Ghuba ya Msasani

Mwaka huu nimejipa kazi moja: kuyajua maji ya ghuba yetu kabla sijanunua tanga jipya. Tanga la Laser yangu, boti ndogo ya mtu mmoja, limechoka, kila mtu klabuni analiona, na haipiti Jumatano bila mtu kunihimiza nilibadilishe. Nitalibadilisha. Ila tanga jipya halitaniambia lini nishike ukingo na lini nikae kilindini, na mbio zetu za jioni mara nyingi huamuliwa hapo.

Mbio zenyewe ni za kirafiki. Tunaanza saa kumi na moja, watu wakitoka kazini, na vyombo ni mchanganyiko: Laser, katamarani, boti za watu wawili. Kwa kuwa havilingani mwendo, tunatumia hesabu ya Portsmouth ya Waingereza: muda uliotumia unazidishwa kwa 1000, halafu unagawanywa kwa namba ya aina ya chombo chako. Mwenye namba 1100 akimaliza kwa dakika 55 anaandikiwa 50. Kwa hiyo unaweza kufika nyuma ya wengine na bado ukashinda, na dakika moja uliyoipoteza kwenye mkondo inaonekana wazi kwenye karatasi.

Chombo kiko hivi. Kamba ya demani, ya kuvuta na kulegeza tanga, ni mpya. Pini za usukani zimekazwa, hazichezi tena. Kana ya alumini, mpini wa kushikia usukani, nimeiweka kando. Fundi mmoja wa mashua amenichongea nyingine ya mninga, nyembamba, imelala chini kabisa ili kamba ya tezi, ya nyuma ya chombo, ipite juu yake bila kukwama. Naipenda sana. Faiba ya upande wa kushoto inahitaji kiraka kidogo, itangoja.

Sasa daftari. Kila Jumatano naandika umri wa mwezi, saa ya maji kujaa, upepo ulikotoka, na upande wa ghuba uliolipa. Jambo la kwanza lililojitokeza wavuvi walilijua tangu zamani, lakini kuliona kwa mwandiko wangu kumenifurahisha. Pwani yetu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa hizo hizo ndiyo yamekupwa. Na kwa kuwa bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi, Jumatano zetu zinapishana: hii tunaanza maji yamejaa hadi ukutani, ijayo tunaanza mchanga uko nje. Saa ni ile ile na maboya ni yale yale, lakini ghuba ni mbili.

Jumatano ya maji mafu haina mengi. Mkondo ni dhaifu, unatazama upepo na unaangalia ubao wa chini usiguse mchanga.

Jumatano ya bamvua ndiyo yenye somo. Maji yakianza kutoka hayatoki kwa kasi moja. Kanuni ya mabaharia huyagawa mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, kisha 2, kisha 1. Chukua bamvua ya mita 3. Saa ya kwanza yanashuka sentimita 25 tu, ya pili 50, ya tatu 75. Mbio zetu huchukua zaidi ya saa moja kidogo, kwa hiyo mzunguko wa kwanza unasafiri juu ya maji yaliyolala na wa mwisho juu ya maji yanayokimbia. Njia iliyokupa nafasi ya pili mwanzoni inaweza kukuangusha mwishoni. Ukurasa huo nimeupigia mstari mwekundu.

Msimu nao unageuza kila kitu. Ghuba imefunguka kaskazini, na maji yanatoka kuelekea visiwani. Wakati wa Kaskazi upepo unaingia usoni mwa maji yanayotoka: mawimbi yanasimama, mafupi na makali, na mkondo unakusukuma kuelekea boya la joshi, la upande upepo unakotoka. Wakati wa kuanza inabidi ukae nyuma zaidi ya mstari kuliko unavyodhani, maana maji yatakuvusha kabla ya honi na utaitwa urudi. Ukishaanza, bisha, yaani panda upepo kwa mshazari, katikati, kwenye kina, upate msaada wa maji.

Kusi ni kinyume. Upepo unavuka rasi ya Msasani, unafika umekatika vipande vipande kwa majengo na miti, na maji yanakwenda nao. Bahari ni laini, lakini kurudi joshi unapanda upepo na mkondo kwa pamoja. Hapo unashika ukingo, kwenye maji madogo ambako mkondo umepungua, na unabisha mara nyingi, hatua fupi fupi. Ukirudi ukingoni huku upepo unaingia kushoto kwako, umpishe anayekuja na upepo wa kulia. Njia ni yake. Paza sauti mapema, na sikiliza.

Msaada mkubwa nimeupata kwa mzee mmoja wa ngalawa. Nilimkuta anatengeneza dema, mtego wa samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyie wa matanga meupe mnatazama juu tu. Tazama boya la dema, mwanangu. Likilala, maji yameamka."

Tangu hapo, kabla ya bendera ya dakika tano za kusubiri kuanza, napita karibu na boya moja nitazame limeinamia wapi na mkia wa maji nyuma yake ni mrefu kiasi gani. Nalipita tena kila mzunguko likiwa njiani. Hakuna kifaa nilichonunua kinachoshinda hilo.

Giza ndilo linalotufunga. Februari jua huzama kama saa moja kasorobo, Juni linawahi kama nusu saa nzima. Kwa hiyo Kusi, mwamuzi mara nyingi hupandisha bendera ya S, honi mbili, tunamalizia boya la karibu. Mimi nilikuwa nasikitika mbio zikikatwa. Siku hizi napanga nikiitegemea: Juni na Julai, mzunguko wa kwanza naupa nguvu zote, maana huenda ndio pekee.

Kinachofuata: kiraka cha faiba, kisha kuendelea na daftari hadi mzunguko wa Jumatano za bamvua uhame. Bamvua haziji kila siku 14 kamili, huchelewa kidogo, kwa hiyo kidogo kidogo zitasogea hadi Alhamisi na Ijumaa, na Jumatano itaanza kuangukia maji ya katikati ambayo bado sina ukurasa wake. Nikishapata ya misimu yote miwili, nitakwenda kuulizia bei ya tanga.