Siku niliyopimwa na kronoskopu

Juzi mwanangu alikuwa anacheza gemu kwenye simu, skrini ikibadilika rangi unagusa, halafu inakuandikia milisekunde zako. Akaniuliza, "Baba, kabla ya simu walikuwa wanapimaje?" Mawazo yakanirudisha Würzburg, Ujerumani.

Masomo yalikuwa yameisha, nasubiri tu kurudi nyumbani, jamaa yangu akanipeleka kule wanakotunza vyombo vya zamani vya saikolojia. Vingi nilivipita, nikaganda kwenye kronoskopu ya Hipp, saa ya kupimia muda mfupi sana, aina ile ile waliyoitumia kwa mwanasaikolojia Wundt kule Leipzig, kwenye maabara yake iliyoanza 1879.

Yule mama mtunzaji akapandisha chuma kizito juu, akavuta kamba, mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba mkali unaoingia mpaka kwenye meno, maana ndani kuna ulimi wa chuma unaotetemeka mara 1,000 kwa sekunde, ndio unaozuia magurudumu yasikimbie ovyo. Magurudumu yanazunguka lakini mishale ya zile saa mbili za usoni imetulia tuli. Kidole changu kimekandamiza kitufe cha shaba, macho kwenye taa, hata kupumua sipumui. Taa ikawaka, nikaachia, mishale ikaruka na kusimama, sumaku ya umeme ndiyo inayoikamata na kuiachia. Wa chini, wa sehemu za kumi za sekunde, ulikuwa umepita alama moja, wa juu, wa sehemu za elfu, uko 96. Yaani sekunde 0.196, kuona, kuamua, kuinua kidole, vyote humo! Na kabla mwanasayansi Helmholtz hajapima neva ya chura, yaani mshipa wa fahamu, mwaka 1850, mabingwa wenyewe waliamini mwendo wa ishara kwenye neva haupimiki kabisa.

Tukaweka taa mbili, nyekundu mkono wa kulia, kijani wa kushoto. Muda ukapanda kama sehemu 80 za elfu. Mwili uligundua mapema kuliko mshale, nilihisi kabisa kuna kitu kimekwama kidogo kabla mkono haujaenda.

Donders, mtafiti wa Utrecht, Uholanzi, alisema 1868, toa muda mfupi kwenye mrefu, kinachobaki ni muda wa kuchagua. Külpe, mwanasaikolojia aliyefundisha hapo hapo Würzburg, akapinga, kwamba ukibadilisha kazi akili nzima inajipanga upya, huwezi kutoa kipande tu kama hesabu ya dukani. Kwa hoja naona Külpe yuko sahihi. Lakini ule muda ulikuwepo, ulipita mwilini mwangu nikiwa macho, na mpaka leo siwezi kusema ndani yake nilikuwa nafanya nini.