Siku moja lindoni, bandarini Tanga

Saa kumi na moja kasoro niliamka, nikawasha moto, nikamwachia mwanangu chai na mihogo. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nishapanda baiskeli, kutoka Makorora kuelekea bandarini. Mimi ni mlinzi wa kike. Ghala ninalolinda ni la mteja, si la mwajiri wangu; mwajiri ni kampuni kubwa ya ulinzi, ina watu mikoa mingi.

Watu hutuona tumesimama tu. Lakini kila kontena linalotoka getini nalisoma sili yake, ile lakiri yenye namba inayofungwa mlangoni, tarakimu moja moja, nikilinganisha na karatasi ya dereva. Siku hiyo saa tatu tarakimu ya mwisho haikulingana: kwenye sili 3, kwenye karatasi 8. Dereva alifoka, akaniita mama roho mbaya. Nilizuia gari mpaka karani akaja, akakuta karatasi ndiyo iliyokosewa. Ningelipitisha, mzigo ungefika na maswali, na wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Saa nne supavaiza alikuja na pikipiki, akanikuta nimekaa juu ya kreti ya soda. Miguu ilikuwa imevimba. Alinipiga picha, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la walinzi wote: "Huyu amelala lindoni." Sikuwa nimelala. Hata salamu hakunipa, na ukikutwa umekaa unakatwa siku nzima. Mchana ulipita kwa magari na jua.

Saa kumi na mbili jioni mwenzangu wa usiku hakutokea. Nikapiga redio. "Yuko njiani, vumilia." Saa moja nikapiga tena, jibu lile lile. Mbu walikuwa wameshaanza, na chupa ya maji ilikuwa imekwisha tangu alasiri. Mwanangu akapiga simu: "Mama, nimekula kwa bibi, unakuja lini?" Nikamwambia sasa hivi. Iliniuma, maana sikujua.

Saa mbili na kitu nikampigia mwenzangu mwenyewe. "Dada, mimi niko Pongwe. Wamenihamisha tangu saa sita mchana, kwani hawakukwambia?"

Tangu saa sita mchana! Ofisi ilijua kwamba hakuna wa kunipokea, na redioni wakaniambia yuko njiani. Mwezi uliopita nilichelewa dakika saba, nikakatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Hizo zangu sijawahi kuziona kwenye mshahara, kwa sababu hazifiki hata kwenye kitabu cha matukio cha lindo.

Baada ya hapo sikutazama tena saa. Nilizunguka ghala, nikashika kufuli moja baada ya jingine, nikarudi getini, nikazunguka tena ili usingizi usinishinde.

Mwishowe supavaiza akamleta kijana mgeni, hana hata tochi. Akafungua kitabu cha matukio, akaniwekea kidole kwenye mstari: "Andika umetoka saa kumi na mbili. Mteja akiona hivi tutasumbuliwa."

Niliandika saa nne na dakika arobaini usiku, nikaweka saini. Tochi yangu nikamwachia yule kijana.