Njoo Kabla ya Baridi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijalala vizuri, na chanzo ni picha. Jumapili jioni mwenzetu mmoja aliirusha kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja kidato cha tano na sita kule kwetu Njombe. Tumejipanga vijana 13 mbele ya bweni, mikono kwapani, na nyasi nyuma yetu zimepigwa sakitu mpaka zimekuwa nyeupe. Ilikuwa Julai. Watu wa pwani huwa hawaamini ukiwaambia kwamba ndani ya Tanzania hii ndoo ya maji inaweza kulala nje ikaamka na utando wa barafu. Lakini mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikishaingia, mtu akikusalimia "kamwene" unaona mvuke mdomoni mwake.

Basi nikaandika. Aya ndefu kweli: mchakamchaka wa alfajiri, kuoga maji ya baridi huku unapiga kelele ili usisikie uchungu, harufu ya kuni za miwati kutoka jikoni, prepo ya usiku na mablanketi mabegani. Wakajaza vimoyo. Mmoja akasema nimemliza. Nami nilifurahi sana, nikaisoma tena aya yangu mwenyewe mara tatu.

Saa nne usiku ukaingia ujumbe nje ya kundi. Ulitoka kwa jirani yangu wa deka, yeye alilala juu, mimi chini. "Umeandika vizuri kaka. Unakuja lini?"

Ndugu yangu huyu alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kushoto haumtii. Yuko kijijini kwao, njia ya kwenda Makete, na simu anaiandika kwa kidole kimoja. Nilimwahidi kufika Pasaka ya mwaka jana. Kisha nikasema Krismasi. Sasa Mei inaisha.

Kuna jambo sikuliandika kwenye ile aya. Nilifika shuleni sina sweta. Yeye alikuwa nalo moja, la kijani, mama yake alilifuma kwa mkono. Tulilivaa kwa zamu: asubuhi yeye, usiku kwenye prepo mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumuka kwenye kiganja, uzi unaning'inia, na akikwama kwenye hesabu alikuwa anauviringisha kidoleni, anauviringua, mpaka jibu lije. Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho lilikuwa mwilini mwangu. Nikaondoka nalo. Nililiweka kwenye tranka nyumbani kwa mama, nondo wakalimaliza. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza.

Sasa mnajua kwa nini Jumatatu, nilipofungua Neno, 2 Timotheo 4 ilinichoma. Sura hii tunaipenda kwa mstari wa saba, "Nimevipiga vita vilivyo vizuri," na tunaisoma misibani. Shuka chini kidogo, kwenye mistari tunayoirukaga. Mtume Paulo, mzee sasa, yuko Rumi, amefungwa, anajua kufa kwake kumekaribia, na anaomba nini? Anaomba nguo. Lile joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, Timotheo akija alilete. Na vitabu. Halafu mstari wa 21: jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi.

Kabla ya baridi, kwa sababu zamani zile majira ya baridi yalifunga bahari. Kuanzia kama Novemba mpaka Machi vyombo vingi vilitia nanga vikangoja. Paulo alilijua hilo kwa mwili wake. Soma Matendo 27 uone merikebu yao ilivyovunjika kwa kusafiri wakati umeshapita. Timotheo akichelewa wiki chache tu, ni kungoja mpaka majira yageuke. Na huyu mzee hana uhakika wa kuyafikia.

Nilikuwa najiona Timotheo. Roho Mtakatifu akanionyesha mimi ni Karpo, mwenye joho la mtu.

Wapendwa, kukumbuka ni kutamu. Wala si dhambi, Mungu mwenyewe anatuambia tukumbuke. Mhubiri 7:10 inatuonya tusiseme siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, na wana wa Israeli jangwani walikumbuka matango na vitunguu vya Misri wakasahau fimbo ya msimamizi. Hayo tumeyahubiri sana, siyarudii. Linalonisumbua ni hili: mtu anaweza kuota moto wa kumbukumbu peke yake, na yule aliyeuwasha anatetemeka nje.

Niseme wazi, na ninaanza na mimi. Tunachangishana fulana za kukutana miaka kadhaa tangu tumalize shule, tunakodi ukumbi, tunatafuta keki. Kwenye orodha ya wachangiaji yule mgonjwa hayumo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kanisani ni hivyo hivyo. Tunasimulia uamsho wa wakati ule, kwaya ya wakati ule, mkesha ule tulioomba mpaka jogoo, na mama aliyetupikia uji asubuhi yake sasa haoni, anakaa mlango wa pili kutoka kanisani, na hatujui nani anamchotea maji. Ndugu, hii haifai. Upendo wetu tumeupeleka kwa watu wa kwenye picha, wasioumwa wala kuzeeka, wasiohitaji nauli yetu.

Katika sura ya kwanza Paulo anamtaja Onesiforo, kwamba alipokuwa Rumi alimtafuta kwa bidii akampata. Alimtafuta. Mji mkubwa ule, mfungwa mmoja, na minyororo ambayo wengine waliionea haya. Dema, mtenda kazi mwenzake, alikwisha kwenda zake. Onesiforo aliuliza mlango kwa mlango mpaka akafika. Wewe unayesoma hapa, kuna jina limekujia kichwani tangu aya ya tatu. Usilifukuze. Mpigie leo, na ukiweza kwenda, nenda, maana majira yana namna ya kufunga njia, na kaburi halipokei simu.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Tunapanda Kitonga, Iringa, Makambako, halafu kama kilomita 60 hadi Njombe mjini, nilale, asubuhi nitafute gari la kijijini. Sweta nimelipata mtumbani, la kijani, zito. Mke wangu amelipasua ubavu wa kushoto mpaka mkononi akatia vifungo, ili ule mkono usiokunjuka uingie bila kuvutwa. Nimelikunja liko juu ya begi.

Jana nimemwandikia kwamba ni Ijumaa. Jibu lilichukua muda kuja. "Nitawaambia wachemshe maji ya kuoga."

Mniombee safari, na msamaha ninaoenda kuuomba.